Sura ya Nne: Mgeni wa Jiwe la Nkunga

"Rudia," Inspekta Alinanuswe alisema.

"Afande, nimerudia mpaka ulimi umechoka."

"Rudia na huo uliochoka."

Ayoub alijipangusa uso kwa viganja. Alikuwa kijana wa Chapwa, dereva wa gari aina ya Noah, na tangu jana jioni alikuwa mahabusu kwa ajili ya abiria wake aliyepotea. Abiria huyo aliitwa Wiliam Simukonda, mwalimu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Likizo zake zote Wiliam alizimalizia kwenye fukwe, makanisa ya kale na majabali ya kupanda. Wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alipiga picha.

"Jumatano nilimpeleka Rukwa," Ayoub alianza. "Alitaka kuona ufukwe, ule wenye mchanga mweupe. Akateleza kwenye mtumbwi akipiga picha ndege, akalowa mpaka kifuani. Jaketi akalitupia siti ya nyuma likauke. Tukalala kwa wavuvi. Alhamisi tukapanda mlima mpaka kanisa la Ihowelo. Akaniambia, 'Mdogo wangu, mimi nitasali, kisha nitapanda lile jiwe. Nenda Mlowo kazibe tairi, jioni unifuate.' Nikaenda. Jioni nikarudi, simu yake haipatikani, nikapiga honi. Hakutoka. Nikapiga tena. Hakutoka. Nikajua kapata bodaboda, kaniacha. Nikaondoka zangu na hasira."

"Na begi lake."

"Lilikuwa kwenye gari! Kesho yake nilikuwa nalipeleka mpakani nimpe mke wake, nikakamatwa nimelibeba mkononi. Mwizi gani anapeleka begi kwa mwenyewe?"

"Kwa nini hukushuka kumwita?"

"Walikuwa wanaimba ndani. Mimi Mwislamu, viatu vimejaa tope, niingie kanisani katikati ya nyimbo nianze kuita, 'Wewe Wiliam, twende'? Si adabu, afande."

Begi lilikuwa juu ya meza. Jaketi la bluu lilikuwa pembeni yake, limekakamaa. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, alikuwa ameshaamua: jaketi lilifuliwa ili kuondoa damu, na mwalimu alitupwa mahali fulani kati ya Ihowelo na Mlowo. Askari walikuwa vichakani tangu alfajiri. Jumatatu Ayoub angepelekwa mahakamani kwa kesi ya mauaji.

Alinanuswe aliukunjua mkono wa jaketi. Mchanga mweupe ukamwagika mezani. Akausugua kwa kidole.

"Koplo Mbuke, tangazo letu linasema tunatafuta mtu aliyevaa nini?"

Koplo Mbuke, mwanamke wa Kisukuma kutoka bondeni Momba, alikuwa amesimama mlangoni. "Jaketi la bluu, afande. Kama kwenye picha aliyotuma mke wake."

"Na jaketi liko wapi?"

Mbuke aliangalia meza.

"Tangu jana tunawauliza watu kama wamemwona mtu wa jaketi la bluu, na jaketi tumelikalia sisi. Ayoub, alibaki na nini mwilini?"

"Shati, afande. Jepesi. Nilimwambia Ihowelo kuna baridi, akacheka."

"Mwezi wa sita, na shati." Alinanuswe alisimama. "Washa gari, Koplo."

*

Kanisa la Ihowelo limekaa ukingoni kabisa, pale mashamba ya kahawa yanapokwisha na nchi inapoporomoka kuelekea bonde la Rukwa. Wamisionari walilijenga kwa matofali ya kuchoma, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kulala dirishani. Nyuma yake njia inashuka kwenye vichaka, inavuka kijito, inaishia chini ya jabali refu jeusi. Hilo ndilo Nkunga.

"Kwetu jua linapasua kichwa," Mbuke alisema akishuka garini, meno yakigongana. "Ninyi huku mnaishi ndani ya friji."

Mzee Ambwene, sakristani mtunza kanisa, aliwapokea mlangoni. Mrefu, mkavu, amejifunga blanketi la kijivu shingoni kwa kamba ya katani. Alikuwa anatetemeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmempata?"

"Bado. Jana ulimwambia Koplo kwenye simu kwamba mgeni alisali, ukamwonyesha njia ya jiweni, akaenda, akarudi, akaondoka na gari lake."

"Ndiyo."

"Ulimwona akipanda gari?"

"Gari lilipiga honi mara nyingi, kisha likaondoka. Dereva gani anaondoka bila mtu wake?"

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza kama ulimwona."

Mzee aliangalia funguo mkononi. "Nilikuwa ndani na kwaya. Nilisikia tu."

"Ulimwona akirudi kutoka jiweni?"

"Niliposikia gari limeondoka, nikajua alisharudi."

Mbuke alimtazama bosi wake. Ushahidi uliomfanya Ayoub aonekane mwongo ulikuwa honi tu. Hakuna aliyemwona Wiliam Simukonda akipanda gari lolote.

"Baada ya hapo kuna mtu alikwenda kuangalia kule jiweni?"

"Tungeangalia nini? Alikuwa ameshaondoka."

"Kuna jambo jingine unalolijua juu yake?"

Mzee alikohoa, akalivuta blanketi. "Alisali vizuri. Alipiga magoti chini kwenye saruji, hakutafuta benchi. Sina neno baya juu ya mgeni."

"Sijauliza neno baya."

"Basi sina neno."

Alinanuswe akatoka nje. Mtu anayesema hana neno baya kabla hajaulizwa, mara nyingi analo moja.

Kwenye uwanja wa misheni kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya vichanja, na mwanamke mmoja alikuwa anaigeuza kwa mikono. Aliitwa Nesta, wa miaka thelathini na kitu, kitenge kichwani. Alipiga goti kidogo kusalimia.

"Tunamtafuta mgeni aliyekuja Alhamisi," Mbuke alisema.

"Yule wa jaketi la bluu. Waliuliza jana kwa simu ya mwenyekiti wa kijiji. Sikumwona."

"Uliwahi kwenda upande wa Nkunga?" Alinanuswe aliuliza.

"Jana asubuhi. Nilikwenda kukata kuni."

"Ulimwona nani?"

"Mwenye jaketi la bluu, hapana."

"Mama, sahau jaketi. Ulimwona mtu yeyote?"

Nesta aliokota punje mbovu, akaitupa. "Mtu wa nyumbani tu."

"Nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Ana jina?"

"Analo."

"Litaje."

"Siwezi, baba."

Mbuke alisogea karibu. "Dada, kuna mtu anakutisha? Sema tu. Sisi tupo."

"Hapana, dada yangu." Nesta aliinua kidevu kuelekea kanisani, kidogo sana, macho akiyaacha kwenye kahawa. "Ni yule mwenye funguo. Baba yake mume wangu. Alikuwa amekaa jiweni."

*

"Jana asubuhi sikutoka humu," Mzee Ambwene alisema. "Nilikuwa na homa. Nililala chumba cha nyuma ya sakristia."

"Nani anaweza kusema ulikuwepo?"

"Mungu na paka."

"Nitaanza na paka," Alinanuswe alisema. "Kuna mtu anasema alikuona Nkunga."

"Basi kamwona mtu mwingine. Miguu hii Nkunga itafikaje na homa?"

Mbuke alimvuta bosi wake pembeni, karibu na kisima cha ubatizo. "Afande, huyu mzee anadanganya. Mgeni hakurudi kutoka jiweni, na kesho yake asubuhi mzee amekaa palepale. Alikwenda kufanya nini? Kuficha. Kisha anatuambia mtu ameondoka na gari. Kijana wa watu yuko ndani kwa ajili ya huyu."

Lilikuwa jambo la maana. Mzee ndiye aliyeonyesha njia ya jiweni. Mzee ndiye aliyesema gari limeondoka na mtu. Na sasa alikuwa anakana alipoonekana. Mbuke alishagusa pingu kiunoni.

"Au mama amekosea," Alinanuswe alisema.

"Mkwe wake, afande! Anamwona kila siku."

"Mlete hapa. Waseme wakiwa pamoja."

Mbuke alikwenda uwanjani akarudi na Nesta. Walipokaribia mlango wa sakristia, Mzee Ambwene alikohoa mle ndani. Nesta aligeuka palepale. Akavuta kitenge kikafunika uso, akakimbilia nyuma ya ukuta, na hakutokea tena.

"Umeona?" Mbuke alisema kwa sauti ya chini, kwa ukali. "Anamwogopa kama simba!"

Alinanuswe alitazama pale Nesta alipopotelea. Alikuwa Mndali wa Ileje. Mama yake aliishi kiwanja kimoja na baba mkwe wake mpaka mzee alipozikwa, na siku ya mazishi ndipo alipouliza watu kama mzee alikuwa na ndevu.

"Achana na pingu, Koplo. Ubaki na mzee. Mpe chai ya kwenye chupa yetu."

Akazunguka ukuta peke yake. Nesta alikuwa amechuchumaa, mgongo kwenye matofali. Alinanuswe alikaa juu ya jiwe la msingi, akatazama bondeni, asimtazame yeye.

"Mume wako ni mtu wa wapi, mama?"

"Wandali. Babu zao walihamia huku."

"Nilijua. Mkwe hatajwi."

"Hatajwi."

"Wala haangaliwi."

"Wala haangaliwi, baba. Yule dada askari anadhani napigwa. Mwambie sipigwi. Mkwe wangu ni mtu mwema. Nilipojifungua Osea, yeye ndiye aliyeuza mbuzi."

"Nitamwambia. Sasa nieleze. Kama haangaliwi, jana ulijuaje ni yeye?"

Nesta aligeuza kichwa. Lilikuwa swali jipya kwake.

"Koti," alisema hatimaye. "Lile la kahawia, refu, alilopewa na padre mzungu wa zamani. Huku hakuna jingine. Nikiliona koti, sitazami zaidi. Naondoka."

"Uso hukuuona."

"Alikuwa amenipa mgongo. Amekaa kwenye kibao cha jiwe, pale linapotokeza kama benchi juu ya vichaka, mguu umeingia kwenye ufa. Na hata angegeuka nisingeangalia."

"Alisema neno?"

"Upepo ulikuwa unatoka bondeni, sauti haifiki. Alinigongea tu. Alisikia panga langu kwenye kuni."

"Alikugongeaje?"

Nesta aliokota vipande viwili vya tofali, akavigonga. Ko, ko, ko. "Hivi. Mkwe akijua uko karibu anakohoa, au anagonga kitu, ujue yupo, upishe. Nikapisha. Akagonga tena. Nikasema, bado niko karibu mno. Nikaacha njia, nikashukia kijitoni. Bado anagonga. Nikasema moyoni, leo nimemkosea nini? Aligonga mpaka niliposhindwa kumsikia."

Kisha akaviangalia vipande vya tofali mkononi mwake. Akaviweka chini taratibu, kama vitu vya moto.

"Baba," alisema. "Yule alikuwa nani?"

Alinanuswe alikuwa ameshasimama.

Ndani ya sakristia mzee alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Blanketi lilimwanguka bega moja. Chini yake alikuwa na shati tu.

"Mzee, koti lako liko wapi?"

Mzee alikunywa chai.

"Nimeliazimisha."

"Kwa nani?"

"Kwa mgeni. Angekufa na lile shati. Nikamwambia vaa, ukishuka utaniachia."

"Tangu Alhamisi unatetemeka, umeulizwa kwa simu, umeulizwa kwa mdomo. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?" Sauti ya mzee ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mke wake alipiga simu hapa analia. Nimwambie, mama, pole, na koti langu kaondoka nalo? Mtu amesali pamoja nami, nimwite mwizi mbele ya polisi? Koti ni koti. Nilinyamaza."

"Hakuondoka nalo. Yuko jiweni nalo. Jana asubuhi alikuwa hai, anagonga mawe kuomba msaada, na mkweo akampisha njia akidhani ni wewe."

Kikombe kilishuka mpaka magotini. Mzee akafunga macho.

"Dereva hakuingia kanisani kwa sababu ya adabu," Alinanuswe alisema. "Wewe umeficha koti kwa sababu ya adabu. Mama wa watu amezunguka kwa kijito kwa sababu ya adabu. Na sisi tusio na adabu tumeuliza jaketi. Kamba iko wapi?"

"Kamba ipi?"

"Yoyote ndefu."

Mzee alitazama juu, kwenye tundu la mnara. "Ya kengele."

"Ikate."

"Kesho Jumapili."

"Kesho utagonga kwa nyundo. Kata!"

*

Nesta alitangulia, Alinanuswe na Mbuke nyuma yake, kisha vijana wawili wa kwaya waliobeba kamba na mlango wa banda la kahawa wa kumlazia mtu. Mzee Ambwene alikataa kubaki. Alinanuswe alimwambia akae nyuma kabisa, mbali, asikohoe.

Njia ilikuwa mbaya. Umande ulikuwa haujakauka kwenye mawe. Mbuke aliteleza, akatukana kwa Kisukuma, kisha akaomba radhi upande wa kanisa.

"Dada," alimwambia Nesta walipovuka kijito. "Nilikudhania vibaya. Na mkweo nilikuwa namtia pingu."

"Pingu?" Nesta karibu acheke. "Umtie pingu mwenye funguo?"

Kisha akaongeza mwendo.

Chini ya Nkunga walisimama. Jabali lilipanda juu yao, jeusi, lenye nyufa. Kibao alichokisema Nesta kilionekana nusu tu, nusu nyingine ilifichwa na kichaka. Hakukuwa na mtu aliyekaa.

"Mwalimu Simukonda!" Alinanuswe aliita. Upepo ulimrudishia jina usoni.

Akaita tena. Kijana mmoja wa kwaya alianza kuvua kofia, Mbuke akamkazia macho, akairudisha.

Alinanuswe aliokota mawe mawili. Akayagonga. Ko, ko, ko.

Wakasubiri. Upepo. Ndege fulani bondeni.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka jiwe moja likapasuka.

Ndipo ikaja kutoka juu, nyuma ya kichaka, dhaifu na ya polepole. Ko. Kimya. Ko.

Mkono wa Nesta ulikwenda kwenye kitenge wenyewe. Akakivuta usoni, akageuka, akaweka mguu mmoja kwenye majani kando ya njia. Akasimama hapo. Mbuke alitaka kumshika, Alinanuswe akamzuia kwa mkono.

Ko.

Nesta alikishusha kitenge mpaka mabegani. Kisha akapanda, kuelekea kwenye sauti, kabla ya polisi, akishika mizizi na kupasua kucha. Alipofika kwenye kibao aliliona kwanza lile koti la kahawia, limejikunja ubavuni mwa jiwe. Akapiga magoti. Akamwangalia usoni aliyelivaa.

Alikuwa mtu mnene kidogo, ndevu za siku chache, midomo imepasuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya ufa na ulikuwa umevimba hadi gotini. Macho yalifunguka.

"Natotela, mayo," alimshukuru kwa Kibemba. Kisha akatafuta Kiswahili. "Ni wewe. Uliyekuwa unakata kuni."

"Ni mimi, baba."

"Niligonga."

"Nilisikia." Nesta alikuwa analia waziwazi. "Nilisikia, baba. Nilidhani unanifukuza."

Wiliam Simukonda hakuelewa, wala hakuwa na nguvu za kuuliza. Alimshika mkono tu. Mbuke akafika na chai.

Ilichukua muda mrefu kuutoa mguu. Kamba ya kengele ilitosha, na vijana wa kwaya walimshusha kwa kuhesabu kwa sauti kama wanaimba. Kwa baridi ile, na shati lile, asingefika hata asubuhi ya kwanza. Koti ndilo lililomficha, na ndilo lililomweka hai.

Alinanuswe alipanda jiwe mpaka alipopata mtandao, akapiga kituoni.

"Mke wake aambiwe sasa hivi, kabla ya OCD. Ndiyo, kabla. Halafu mfungulieni Ayoub. Mpeni chai, mrudishieni funguo za gari, na mwambieni alete begi hospitali mwenyewe. Mkononi. Akabidhi mwenyewe."

Walirudi polepole, mgonjwa juu ya mlango, koti limemfunika. Kwenye kona ya kijito Mzee Ambwene alikuwa anasubiri, blanketi shingoni. Alipowaona alisahau, akakohoa.

Nesta aliacha njia mara moja. Akasimama nyuma ya kichaka, mgongo kwao, kitenge kimefunika uso. Msafara ukapita kati yao.

Mzee aliweka kiganja kwenye paji la uso la Wiliam, akakiacha hapo kidogo. Halafu akamgeukia Alinanuswe, ingawa Nesta alikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

"Inspekta, mwambie mama Osea nimeshukuru. Mwambie hakukosea kitu. Koti langu ndilo lililomkosea."

Alinanuswe alikigeukia kichaka. "Mama Osea, umeambiwa asante, na hukukosea."

Mbuke, kamba ya kengele begani, alikuwa ameachama mdomo.

"Mwambie nimesikia," sauti ya Nesta ilisema, bado inakwaruza kwa kilio. "Na mwambie koti limechanika mfuko. Mgonjwa akishafika, alitundike pale kwenye kichanja, nitalichukua nilishone. Asikae na baridi."

"Mzee," Alinanuswe alisema, "umeambiwa..."

"Nimesikia," mzee alisema, na akapisha njia mwenyewe ili Nesta apite.